MPENDWA, UNAOMBEA CHOMBO CHA FUTI NGAPI?



Neno la leo ni la vyombo vya baharini, na ni refu kidogo. Mwezi huu watu watatu wa kanisa letu wameniandikia inboksi kwa nyakati tofauti wakiwa na wazo moja. Wanataka kuacha nyumba ya kupanga, wanunue chombo kilichotumika, waishi ndani yake mwaka mzima wakizunguka visiwa: Ndau, Kiwayu, Kizingitini, Faza, wavuke mpaka Mkokoni. Mmoja ni fundi wa sola na simu. Mwingine anashona. Wa tatu ni mume na mke wanaotaka kupeleka bidhaa mahali ambapo duka ni moja na unga huisha kabla ya mwezi kuisha.

Wote waliomba nikubaliane nao katika maombi. Na wote walitaja jahazi kubwa.

Mimi nakubaliana na safari. Ukubwa ndio sijakubaliana nao. Naandika hadharani kwa sababu pesa inayotajwa si ya mtu mmoja. Kuna mkopo wa chama ndani yake, na kuna mama mmoja Mpeketoni ambaye shamba lake linazungumziwa kuuzwa ili mwanawe aongeze futi 12 za mbao. Mama hajui hesabu ya futi. Wewe unayesoma hapa unapaswa kuijua.

Wenzetu Marekani na Ulaya wana gari la kuishi ndani, mfano wa basi dogo lenye kitanda, jiko na choo. Wengi hununua lililotumika, wanafunga nyumba, wanaingia barabarani. Nao hubishana jambo hilihili: likiwa kubwa mno halipati pa kuegeshwa, likiwa dogo mno ndoa inalia. Huku kwetu gari haliwezi kukufikisha Ndau. Nyumba yako ya safari itakuwa ya mbao, na barabara yake hujaa na kupwa mara mbili kila siku.

Kwa hiyo anza na maji kabla ya kuangalia chombo. Utapita wapi? Ukitoka Lamu utaingia Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, na kila aliyewahi kusafiri na mzigo anajua kwamba Mkanda una saa zake. Siyu hufikiwa kwa mfereji wa mikoko unaotaka maji yaliyojaa. Huku Ndau, mahali ulipofunga chombo asubuhi kikielea, mchana unaweza kukikuta kimekaa kwenye tope na kaa wanatembea chini yake. Chombo kinachoshuka kifuani mwa mtu mzima kitakuwa mfungwa wa ratiba ya maji. Kinachoshuka gotini kitaingia, kitakaa, kitatoka.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ukipandisha jahazi zito kwenye fungu siku ya kilele cha bamvua, maji yanayofuata yatakuwa madogo, na kesho yake madogo zaidi, mpaka maji mafu. Unaweza kukaa hapo karibu siku 14 ukisubiri maji ya kimo kilekile. Chombo kidogo hukisukuma kwa mabega, wewe na vijana wawili wa kijiji, mkaendelea.

Sasa hesabu mikono. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kwa wale mume na mke. Jahazi la tanga lina foromali ndefu na nzito, na kila unapogeuza chombo upande wa pili wa upepo lazima foromali ihamishwe kuzunguka mlingoti. Wazee wa Kibajuni hufanya hivyo kwa mabaharia kadhaa, na baharia analipwa, anakula, analala. Wewe mko wawili. Mmoja akiugua malaria, mko mmoja. Utasema, Pasta, tutafunga injini. Sawa. Injini ya nje ya 40 ya mipigo miwili ikikimbizwa hunywa zaidi ya lita 10 kwa saa moja, na petroli ya visiwani haipungui bei kwa sababu umeokoka.

Halafu kuna hesabu ambayo ningependa kila kijana wa darasa la nane aifanye kwenye karatasi. Ukiongeza urefu wa chombo mara mbili, na upana na kina vikaongezeka vivyo hivyo, mbao za kupaka zinakuwa mara nne na ujazo wake mara nane. Chombo cha futi 40 si viwili vya futi 20. Kwa ubao wa kutunza ni vinne, kwa uzito wa kuvuta ni vinane. Na utunzaji wa chombo cha mbao haujui likizo. Lazima ukipandishe wakati wa bamvua, ukiegemeze kwa magadi kisilale ubavu, uchome chini kwa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mbao, ukalafati kwa pamba palipoachia, upake sifa juu na shahamu chini. Usipofanya, bahari inakula. Mtu na mkewe wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwenye mashua kati ya maji na maji. Kwenye jahazi watahitaji kukodi watu, na watu hao watarudi kudai kila mara.

Jambo jingine: jahazi halifiki ufukweni. Utahitaji hori la kukushusha wewe, gunia lako na mteja wako. Tayari ni vyombo viwili. Soma Matendo 27, ile safari ya Paulo kwenda Rumi. Merikebu ilikuwa na watu 276 na shehena ya ngano, na nyuma yake waliburuta mashua ndogo ambayo waliipandisha kwa taabu. Mwisho ile kubwa ilinasa omo kwenye fungu, tezi ikavunjwa na mawimbi. Watu wote walipona kwa neema ya Mungu, wengine juu ya vipande vya mbao. Merikebu hakuna aliyeirudisha.

Najua andiko mtakaloniletea. Isaya 54, habari ya kupanua hema. Limehubiriwa sana mwaka huu, na wengine wamelifanya kibali cha kununua kila kitu kikubwa. Lakini mstari ule haukuishia kwenye turubai. Nabii alizungumzia pia kamba na vigingi. Mwenye hema kubwa na kigingi cha jana, upepo wa kusi utamfundisha. Na Nuhu naye, ambaye kama kuna mtu angestahili kuambiwa ajenge tu kubwa ni yeye, alipewa vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu, kwa sababu mzigo ulijulikana. Ukiomba chombo bila kipimo, unamwachia muuzaji akujibie.

Basi tupime mzigo wako. Watu wawili wakitumia dumu moja la lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga kwa kubana, siku kumi ni madumu kumi, yaani kilo 200. Usidharau hilo, maana visiwani maji ya jabia ni ya mvua, na mvua ikikosa huwezi kugonga mlango wa mtu kila siku. Bidhaa zako, tuseme kilo 300. Ninyi wenyewe, nguo, jiko, godoro na vyombo, kilo 200. Injini, mafuta, nanga na kamba, 100 au zaidi kidogo. Jumla kama kilo 800. Mzigo huo mashua nzuri ya futi 26 mpaka 30 inaubeba bila kulalamika, na ubavu wake unabaki juu ya maji. Hizo futi 12 za ziada zingekuwa za kubeba nini? Niambie. Kama jibu ni heshima, heshima haina kilo, lakini ina gharama.

Msinielewe vibaya mkaenda upande wa pili. Kuna ndugu aliyeniuliza kama hori la futi 16 linatosha, kwa kuwa imani yake ni kubwa. Halitoshi. Hata Simoni Petro, katika Luka 5, mzigo wake ulipozidi aliita chombo cha pili, na vyote viwili vikakaribia kuzama, na Bwana mwenyewe akiwa ndani. Kati ya Ndau na Kiwayu, unapokuwa wazi kwa bahari kuu na kusi limeamka, chombo kifupi kinapanda kila wimbi na kukupigia maji miguuni. Usiku utalala wapi? Mama ataoga wapi? Wanaume hulisahau hili mpaka wiki ya tatu. Mwanamke anahitaji mahali penye pazia, pa kuoga na kujisitiri, na kama chombo hakina nafasi ya pazia, hicho ni cha kuvulia, si cha kuishi. Turubai la kivuli linalofungwa imara wakati wa mvua za masika nalo linataka urefu. Chini ya futi 24 sioni ndoa ikidumu kwa furaha, isipokuwa fundi wa sola ambaye bado hajaoa. Yeye 22 zitamtosha, na akioa auze.

Kwa mwenye watoto wawili, ongeza mpaka 32 au 33 na utafute kijana mmoja wa kazi. Mwenye watoto wa shule, kwa maoni yangu, asiishi majini kabisa. Mtoto anahitaji mwalimu anayemwona kila siku.

Mnajua chombo kilichopatikana Israeli mwaka 1986? Ukame ulipunguza maji ya Ziwa la Galilaya, na ndugu wawili wavuvi wakaona mbao kwenye tope karibu na Ginosar. Wataalamu waliipima wakasema ni ya karne ya kwanza. Hatuna ushahidi kwamba mwanafunzi yeyote wa Bwana aliipanda, na msiamini anayewaambia hivyo. Lakini ni ya aina na ya wakati ule. Urefu wake ni kama mita 8.2, upana mita 2.3. Hiyo ni futi 27 kasoro kidogo. Na ina viraka vya mbao za aina zaidi ya tano, maana yake mwenyewe aliitengeneza, akaitengeneza tena, kwa kila ubao aliopata. Chombo kilichotumika! Napenda sana habari hiyo kuliko mahubiri mengi ya ndege binafsi.

Hapa kwetu pia, mwaka 2018, mafundi wa Lamu walipounda ile Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, walianza na chombo cha mita kama 9, na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Zanzibar. Kubwa walikuwa nalo akilini. Wakaanza na kinachotunzika.

Ukishajua futi zako, ndipo ukakague. Fika kwa muuzaji alfajiri bila kumwambia, kabla hajakumba maji ya ngama, ukaone usiku mmoja umeingiza kiasi gani. Kitazame kikiwa kikavu maji yakipwa, kisha kikielea na mzigo. Chomeka ncha ya kisu kwenye mbao karibu na misumari na kando ya mkuku; kisu kikiingia kama kwenye mkate, shukuru Mungu na uende nyumbani. Alama za kutu zinazoshuka chini ya misumari ni misumari inayokufa. Gusa mataruma ya ndani, si rangi ya nje, maana rangi mpya kwenye chombo cha zamani huwa na sababu. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, na kama ni mzee wa Ndau au Matondoni ambaye hasali na sisi, msikilize zaidi. Majirani zetu Waislamu wamesafiri maji haya karne nyingi, na heshima kwao ni sehemu ya hekima. Mwite mzee, kaa chini, mwache amalize kuzungumza.

Umiliki uhamishwe kwa maandishi, ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya ufanyike, na BMU ya ufuo utakaofunga chombo wajue wewe ni nani. Jaketi za kuokolea ni moja kwa kila kichwa, hata kwa anayejua kuogelea. Mwenye chombo bila jaketi asiniite kubariki.

Kwa wale mume na mke: ile mashua ya futi 28 mliyoniambia ni ndogo kwa maono yenu, rudini mkaipime tena. Waacheni mama na shamba lake. Nitakuwa Ndau wiki ya bamvua ijayo. Fundi akipitisha kisu na chombo kikalala usiku mmoja bila kujaa, nitakuja na mafuta ya upako. Kisu kwanza.

Ibada ya mtandaoni ni Ijumaa saa mbili usiku kama kawaida. Mwenye swali la bei aje inboksi, tusijadili mfuko wa mtu hapa.