Jino Jeupe Nje, Bovu Ubavuni



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa kwetu Mahoko tuna mazoea ambayo naona wakati umefika tuyaache. Mtoto akilalamika jino tunamtia karafuu, tunampa dawa ya maumivu, na akishindwa kulala ndipo tunapanda gari kwenda Gisenyi kung'oa. Tunarudi tukisema alhamdulillah, yamekwisha. Hayajakwisha. Gego la ukubwani likishang'olewa halioti tena.

Tatizo ni kwamba tunaamini macho yetu. Mama anamwambia mtoto afungue kinywa, anaona meno meupe, anaridhika. Lakini uozo huweza kuanzia pale jino linapogusana na jino mwenzake. Jicho halifiki pale, mswaki haufiki, na hata daktari na kioo chake kidogo haoni vizuri. Mabaki ya biskuti, mandazi na chai ya sukari hukaa humo, vijidudu huyageuza kuwa asidi, na asidi hula gamba la jino polepole, miezi hata miaka, bila maumivu. Maumivu huja uozo ukishakaribia mshipa wa fahamu.

Hapo ndipo inapofaa picha ya eksirei. Mgonjwa huuma kipande kidogo, na magego ya juu na ya chini hutokea pamoja katika picha moja. Sehemu nzima huonekana nyeupe, iliyooza huonekana kama kivuli cheusi. Si jambo geni: Howard Raper wa Marekani aliitambulisha njia hii mwaka 1925. Uozo ukikutwa bado kwenye gamba, mara nyingi husimamishwa kwa floridi na usafi, bila kutoboa jino. Ukiwa umeingia ndani kidogo, jino huzibwa na kubaki kinywani.

Wako wanaoogopa mionzi. Hofu hiyo ina haki yake, lakini tuipime. Mionzi ya picha moja ndogo ya meno ni kama ile tunayoipata sote kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Hata hivyo isipigwe ovyo: daktari achunguze kwanza, kisha aamue kama inahitajika. Na picha nayo haioni kila kitu, kwani uozo mchanga sana huweza kuipita.

Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta zaidi ya nusu ya waliopimwa wana meno yaliyooza bila kutibiwa, na takriban 7 katika kila 10 hawajawahi kumwona mtaalamu wa meno. Hao ni sisi.

Najua nauli na ada si mchezo. Lakini safari ya kung'oa nayo ina nauli. Basi twende kabla ya maumivu, na tumuulize daktari: "Katikati ya magego pakoje? Panahitaji picha?" Nyumbani tuwafundishe watoto kupitisha uzi wa meno kila usiku. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza sana mswaki. Tusiishie kusafisha panapoonekana tu. Mwili ni amana, na jino ni sehemu ya amana hiyo.