Hiyo 486 Si Skrapu, Wacheni Ushamba

Wacha niseme, halafu mnirukie kwenye komenti. Ukitupa kompyuta bila hata kuifungua, usijiite mtu wa teknolojia.

Niko na 486 mezani. Prosesa ya aina hiyo ilitoka 1989. Hii yangu ina RAM ya megabaiti 4 na inatumia DOS. Kila anayeiona ananiambia, "Si uuzie watu wa vyuma?" Na mimi nauliza: kwani ilikuwa imeharibika nini?

Betri tu, wasee! Ile ndogo ya kutunza saa na mipangilio, imechomelewa kwenye madabodi. Ikizeeka inavuja, na alkali yake inakula njia za shaba. Mashine nyingi za enzi hiyo zimeuawa na huo ugonjwa. Dawa? Ng'oa betri, sugua kwa mswaki na siki kidogo, pitisha spiriti, kausha, kisha unga njia iliyokatika kwa waya mwembamba. Diski kuu ikichoka, weka kadi ya CompactFlash kwa adapta ya IDE. Hakuna kitu hapo kinaweza kumshinda fundi wa Luthuli.

Sasa angalia laptop za siku hizi. Nyingi RAM imechomelewa na betri imegandishwa kwa gundi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, na Windows 11 inakataa mashine kibao ambazo bado ni nzima, eti prosesa ni ya zamani ama hakuna TPM 2.0. Yaani mgonjwa anatembea na washamchimbia kaburi. Na kaburi lenyewe liko wapi? Dandora, si kwao.

"Lakini DOS itakusaidia na nini?" Haifungui TikTok, sawa. Lakini haikufichi kitu. CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT unaandika mwenyewe, unapigania kila kilobaiti ndani ya zile 640, na ukikosea unaona umekosea wapi. FreeDOS ni ya bure, na msimbo wa MS-DOS 4.00 uliwekwa wazi 2024. Usome, nani amekukataza?

Tunaimba ubunifu kila siku na bisibisi hatujawahi kushika. Walimu, kama stoo ya shule imejaa kompyuta kuukuu, msiite lori. Iteni wanafunzi.