Kalamu ya Wakili Calmeyer

Vijana wanaosomea sheria hutuuliza mara nyingi kama mtu aweza kuwa avoka, au karani wa serikali, na kubaki mkristu wa kweli. Wamesikia ya kwamba wakili huishi kwa maneno yake, na ya kwamba karani hutenda tu lile aliloamriwa. Leo tutawajibu kwa kuwasimulia habari za wakili mmoja wa mji mdogo wa Ujerumani, aliyetumikia wakati wa vita kuu ya pili. Hatumleti mbele yenu kama mtakatifu, wala yeye mwenyewe hakujidai hivyo. Lakini katika maisha yake mna jambo ambalo kila ashikaye kalamu katika ofisi apaswa kulifikiri.

Jina lake lilikuwa Hans Calmeyer. Alizaliwa mwaka wa 1903 katika Osnabrück, mji wa upande wa kaskazini-magharibi ya Ujerumani, wenye kiti cha askofu tangu zamani za Karoli Mkuu. Baba yake alikuwa hakimu. Kaka zake wawili waliuawa katika vita vya 1914-1918, naye mdogo akabaki peke yake kuwa tegemeo la wazazi. Alisoma sheria, kisha akafungua ofisi ya uwakili katika mji wake wa kuzaliwa, akawatetea watu katika mashauri yao kama wafanyavyo mawakili wa kila mji.

Mwaka wa 1933 Hitler alishika utawala. Watu wa chama chake walimchukia Calmeyer, kwa sababu alikuwa amewatetea wakomunisti barazani, na kwa sababu alikataa kumfukuza mtumishi mmoja wa ofisi yake aliyekuwa Myahudi. Wakamnyang'anya ruhusa ya kufanya kazi. Baadaye alirudishiwa, lakini tangu hapo alijua jinsi serikali iwezavyo kumfunga mtu mdomo kwa karatasi moja tu.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliishambulia Uholanzi wakaiteka, na Calmeyer akafika huko akiwa askari. Kwa kuwa alikuwa mjuzi wa sheria, mwezi wa Machi 1941 alitolewa jeshini akawekwa katika ofisi ya watawala wa Kijerumani, katika mji wa Den Haag. Kazi aliyopewa ilionekana kuwa ndogo na ya kuchosha: kukata mashauri ya watu wenye mashaka juu ya babu na bibi zao.

Yatupasa kueleza. Mwezi wa Januari 1941 watawala walitoa amri ya kwamba kila mtu katika Uholanzi mwenye damu ya Kiyahudi, hata kama ni kwa babu au bibi mmoja tu, aende kujiandikisha. Mwenye babu na bibi watatu au wanne wa Kiyahudi alihesabiwa kuwa Myahudi kamili. Hata kama alikuwa amebatizwa, haikuwa kitu. Waholanzi walikuwa watu wa kutii sheria na wa kuweka vitabu vizuri, nao wakaenda kujiandikisha. Watu wapata 140,000 waliandikwa hivyo kuwa Wayahudi kamili. Tangu mwezi wa Julai 1942 magari ya moshi yalianza kuwachukua kutoka kambi ya Westerbork kwenda Auschwitz, na kwenda Sobibor na mahali pengine pa mauti. Walichukuliwa watu wapata 107,000. Waliorudi walizidi 5,000 kidogo tu.

Lakini amri ile ilikuwa na mlango mmoja mwembamba. Mtu aliyejiandikisha aliweza kuleta maombi akisema: «Nilikosa, mimi si Myahudi kamili, na ushahidi wangu ni huu.» Maombi hayo yalifika juu ya meza ya Calmeyer. Neno lake likiwa «Ndiyo», mtu aliishi. Likiwa «Hapana», alirudi katika daftari la wenye kufa.

Ndipo makaratasi yalipoanza kumfikia. Vilikuja vyeti vya ubatizo vya babu waliokufa zamani. Yakaja maandiko ya wazee walioshuhudia ya kwamba fulani alikuwa mtoto wa kupangwa. Zaidi ya yote yakaja maandiko ya akina mama. Mwanamke mwenye heshima, aliyeishi na mume wake Myahudi kwa uaminifu, aliandika na kutia sahihi ya kwamba watoto wake hawakuzaliwa na mume huyo, bali na mtu mwingine, mkristu, aliyekwisha kufa au kuhama. Yaani alijishitaki kwa uzinzi ambao hakuutenda kamwe. Alilitupa jina lake jema ili watoto wake wasipandishwe katika gari la moshi. Wazee wetu walisema kweli: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Calmeyer hakuwa mjinga. Mwanasheria aliyezoea kusoma ushahidi hutambua upesi karatasi iliyotengenezwa jana. Naye alizitambua nyingi, akazikubali. Mtu akileta maombi, jina lake liliwekwa katika orodha yake, na maadam shauri halijakatwa, mtu huyo hakuweza kupelekwa. Kwa hiyo kuchelewesha nako kulikuwa kuokoa. Watu wa SS walimshuku, wakataka kuyachungua upya maamuzi yake. Akawazungusha kwa barua na kwa sheria zao wenyewe. Wanahistoria hawalingani katika hesabu, lakini wengi hukiri ya kwamba watu wapata 3,000 waliponyoka kwa njia ya meza ile. Mmoja wa wasaidizi wake, Gerhard Wander, alitoroka akajiunga na Waholanzi waliopigana kwa siri, akauawa kwa risasi mwaka wa 1945.

Hapa msomaji mwema ataniuliza: je, si uongo? Naam, swali hilo ni la haki, na Kanisa limelifikiri tangu zamani. Mnakumbuka katika kitabu cha Kutoka habari za wazalishaji wa Waebrania, Shifra na Pua, ambao Farao aliwaamuru kuwaua watoto wa kiume. Wao wakamdanganya mfalme ili watoto waishi, na Mungu akawatendea mema. Mtakatifu Agostino, aliyekataza kila uongo, alieleza ya kwamba Mungu aliwabariki kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uongo wao. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka wa 1992 hufundisha ya kwamba hatuna lazima ya kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Muuaji anayeuliza mtoto amelala wapi, hana haki hiyo. Lakini tusigeuze mafundisho haya kuwa ruhusa ya kutengeneza cheti cha shule, wala barua ya kumnyang'anya jirani shamba lake. Mama wa Uholanzi alipoteza heshima yake ili kumwokoa mwenziwe. Mwenye kughushi humpoteza mwenziwe ili kujipatia faida.

Sasa tufike penye uchungu. Calmeyer hakusema «Ndiyo» kwa wote. Kama angalikubali kila karatasi, ofisi yake ingalifungwa mara, na mtu mkatili angaliwekwa mahali pake. Hivyo alifikiri. Basi alikataa maombi ya mamia kwa mamia ya watu, na wengi wao walikufa. Mwanamke mmoja aliyekataliwa alipelekwa Auschwitz. Kwa neema ya Mungu alirudi hai, na hadi uzee wake hakusahau ni nani aliyeandika «Hapana». Calmeyer mwenyewe alijifananisha na mganga aliye peke yake mahali pa mbali, mwenye dawa chache sana na wagonjwa wengi mno. Ninyi mnaokaa karibu na vituo vya afya vya vijijini wakati wa maradhi makubwa, mnajua mfano huo si wa hadithi. Lakini mganga hakuuleta ugonjwa. Calmeyer alikuwa mtumishi wa utawala ule ule ulioleta kifo, na ndilo neno lililomtesa moyoni.

Vita vilipokwisha, Waholanzi walimfunga pamoja na wakubwa wengine wa Kijerumani, wakamwachilia mwaka wa 1946. Akarudi Osnabrück, akashika tena kazi yake ya uwakili, akafa mwaka wa 1972. Hakujitangaza kuwa shujaa. Aliona kuwa alifanya machache mno. Miaka 20 baada ya kufa kwake, mwaka wa 1992, Wayahudi wa Yad Vashem katika Yeruzalemu walimpa jina la Mwenye Haki kati ya Mataifa. Na mwaka wa 2020, mji wake ulipofikiri kuipa nyumba moja jina lake, watu wengi, hasa katika Uholanzi, walipinga wakisema: «Na wale aliowakataa, nani atawasemea?» Sisi hatuthubutu kukata shauri hilo. Mungu peke yake huisoma mioyo. Twasema tu ya kwamba wanaomsifu na wanaomlaumu wote wana wafu wa kuwakumbuka.

Lakini tusidhani ya kwamba njia ya siri ilikuwa njia pekee. Katika nchi ile ile, Johannes de Jong, askofu mkuu wa Utrecht, na maaskofu wenziwe walisema wazi. Tarehe 26 Julai 1942 barua yao ya kukemea kuchukuliwa kwa Wayahudi ilisomwa katika makanisa. Watawala wakalipiza kisasi: tarehe 2 Agosti waliwakamata Wayahudi waliokuwa wamebatizwa katika Kanisa Katoliki. Kati yao alikuwamo mtawa wa Karmeli katika Echt, Edith Stein, ambaye katika utawa aliitwa Teresia Benedikta wa Msalaba. Aliuawa Auschwitz wiki moja tu baadaye. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka wa 1998. Basi, aliyesema kwa sauti alilipa, na aliyetenda kwa siri alilipa pia kwa namna nyingine. Nafsi iliyonyamaza na kutii tu ndiyo iliyodhani kuwa haidaiwi kitu.

Na tulinganishe jambo moja zaidi. Mkuu wa watawala wa Kijerumani katika Uholanzi, Arthur Seyss-Inquart, naye alikuwa mwanasheria, aliyekuwa wakili katika mji wa Wien. Ndiye mkubwa aliyekaa juu ya kina Calmeyer wote, na amri za utawala ule zilitoka chini ya mamlaka yake. Alihukumiwa katika Nürnberg, akanyongwa mwaka wa 1946. Wawili hawa walisoma sheria ile ile ya kale. Mmoja aliitumia kama wavu wa kunasa watu. Mwingine, pamoja na makosa yake, alitafuta tundu katika wavu ule.

Wasomaji wapendwa, mambo haya si ya Ulaya tu. Sisi wa nchi za Maziwa Makubwa twajua karatasi iwezavyo kufanya. Katika Rwanda, tangu miaka ya 1930 na kitu, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kabila la mtu liliandikwa katika kitambulisho chake. Karani aliyeliandika labda alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyerudi jioni kula pamoja na watoto wake. Mwaka wa 1994, penye vizuizi vya njiani, neno lile moja lilitosha kumwua mtu. Baadaye liliondolewa katika vitambulisho. Lakini waliokufa hawakurudi.

Kwa hiyo twawaambia ninyi mnaoandika vizazi na vifo, ninyi waalimu mnaojaza orodha za watoto, ninyi wasaidizi wa machifu na watumishi wa mabaraza: hakuna kalamu ndogo. Ukipewa orodha ya majina, uliza itatumika kwa nini. Ukiona ya kwamba sheria yataka kumdhulumu asiye na kosa, usiseme «Mimi naandika tu». Waweza kukataa, waweza kuchelewesha, waweza kumwonya anayetafutwa, waweza kumwendea padri wako kwa shauri. Na ukiwa umekwisha kuandika neno lililomwumiza mwenzio, usijifiche nyuma ya mkubwa wako. Nenda ukatubu, kisha utengeneze ulichoharibu, kadiri kiwezekanavyo.

Na ninyi wazazi, mkiwa mezani jioni hii, wasimulieni watoto habari za wale akina mama wa Uholanzi. Waulizeni: «Wewe ungefanya nini kama ungekuwa wakili yule?» Msiwaharakishe kujibu. Mtoto aliyezoezwa kujiuliza swali hilo nyumbani, siku atakapokaa nyuma ya meza ya ofisi atakumbuka ya kwamba kila jina lililo mbele yake lina mama, na ya kwamba Bwana wetu Yesu Kristu atatuuliza sisi sote habari za wadogo wale.