Nani Alipe Deni la Kicheko?

Tarehe 16 Februari 2025, katika jiji la New York nchini Marekani, kipindi cha vichekesho kiitwacho Saturday Night Live kilifanyiwa sherehe ya kutimiza miaka 50. Sherehe ilirushwa moja kwa moja kwa muda upatao saa tatu, na watu wakaribiao milioni 15 waliitazama. Ikafuata kazi ambayo mashabiki wa kipindi hicho huifanya kwa bidii kuliko kazi zao za mshahara, nayo ni kutoa hukumu.

Na hukumu zilitoka za kila namna. Wako waliosema kwamba jukwaa lilijazwa watu mashuhuri wa nje, hata wachekeshaji wenyewe waliokitoa kipindi jasho wakabakiwa na dakika za kuhesabika. Wako waliouliza kwa nini Dan Aykroyd, mmoja wa kundi la mwanzo la mwaka 1975, hakuonekana, wala Bill Hader. Wengine walitosheka: Paul Simon alifungua, Paul McCartney akafunga, na baina yao wazee wakauona ujana wao umerudi. Hayo ni ya mashabiki, tuwaachie.

Lakini mna jambo moja katika sherehe ile ambalo halifai kuachiwa mashabiki peke yao. Pengine utasema: kipindi cha Wamarekani kinatuhusu nini? Chatuhusu kwa kuwa swali lililozuka humo ni la kila baraza ambamo watu hukaa wakachekana.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika sherehe kubwa kama hizi ni desturi kuwekwa fungu la kuwakumbuka waliofariki. Fungu la namna hiyo lilikuwapo mwaka 2015 kipindi kilipotimiza miaka 40. Safari hii alisimama Tom Hanks, mwigizaji maarufu, na uso wa matanga, na watu wakajiandaa kuziona sura za kina John Belushi na Gilda Radner. Wapi! Marehemu waliotajwa hawakuwa watu, bali ni vichekesho vyenyewe: vipande vya miaka iliyopita ambavyo leo ni aibu kuvitazama, vya kuigiza lafudhi na sura za watu wa mataifa mengine, vya kudhihaki maumbile, vya kuwashikashika wanawake kana kwamba ni mchezo. Vikapitishwa mbio mbio, kila fungu na kibandiko chake, na ukumbi ukacheka. Na kabla ya hapo Hanks alikuwa amekwisha waambia watazamaji maneno ambayo maana yake ni hii: vichekesho hivi vilikuwa vibaya kweli, lakini mliovicheka ni nyinyi, basi akiwapo wa kutengwa, na mtengwe nyinyi.

Kuhusu kipande hiki mashabiki waligawanyika. Wapo waliokisifu wakasema ni ushujaa mtu kujicheka mwenyewe. Wapo waliosema hapakuwa na haja hata ya hilo, kwani zama zile zilikuwa nyingine. Na wapo waliokasirika kwa kuwa wafu wa kweli walinyimwa haki yao ili pachekwe. Hawa wa mwisho ndio walioikaribia kweli, ingawa nao hawakuifika.

Tuanze na hao wa ushujaa. Kujicheka ni tabia njema, na mtu asiyeweza kujicheka huwa mzigo kwa jamaa zake. Lakini hebu tazama: hapa aliyechekwa ni nani? Je, ni mwandishi aliyekiandika kile kichekesho? Je, ni mkubwa wa stesheni aliyeuza matangazo ya biashara kwacho? La. Picha ileile iliyomdhihaki mgeni mwenye lafudhi imerudishwa kwenye kioo, na ukumbi umeicheka mara ya pili. Ni kama mtu aliyeiba mbuzi, akaja mbele ya wazee kukiri, na huku anakiri anampitisha mbuzi yuleyule mnadani. Kukiri gani huko ambako mwenye mbuzi hatajwi, na faida yamrudia mwizi?

Ama wale wasemao kwamba zama zilikuwa nyingine, hoja yao ina umri mrefu na haina miguu. Aliyedhihakiwa mwaka 1975 alikuwa hai mwaka 1975. Aliumia siku ileile. Hakungoja miaka 50 ndipo aumie. Kilichobadilika ni kwamba siku zile hakuwa na mahali pa kulisemea neno lake, na leo anapo.

Sisi katika nchi zetu tuna kitu kiitwacho utani, na watani wana sheria zao. Mtani wako akikutania msibani humkasirikii, kwa sababu kesho msiba utakuwa kwake nawe utakwenda na la kwako. Utani ni barabara ya kwenda na kurudi. Ukimtania mtu asiyeweza kukurudishia, huo si utani tena, ni uonevu uliovishwa nguo ya sikukuu. Nao wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Kwa kipimo hicho, si kila walichofanya watu hawa kilikuwa kibaya, na insafu yatutaka tuseme hivyo. Katika msimu wa kwanza Chevy Chase alikuwa akimwiga Rais Gerald Ford kwa kuanguka-anguka ovyo. Ford alikuwa mtawala wa dola kubwa. Alikuwa na kinywa cha kujibia. Na kweli alijibu: mwezi wa Aprili 1976 msemaji wake, Ron Nessen, alikwenda akakiongoza kipindi, na Rais mwenyewe akarekodiwa maneno machache yakatiwa humo. Huo ulikuwa utani wa haki. Hata kile kichekesho cha Oktoba 2016, mchezo wa maswali na majibu baina ya Wamarekani weusi ambamo Hanks aliigiza mzungu mfuasi wa Trump, kilipendwa na wengi kwa sababu kila upande ulijiona humo, ukagundua kwamba yule mwingine ana shida kama zake. Hanks alipomrudisha mtu huyo kwa muda mfupi katika sherehe ya 2025, akisita kumpa mkono mtangazaji mweusi kabla ya kumpa, baadhi ya wapenzi wa Trump waliona wametukanwa. Mimi naona hawakuwa na dai kubwa: mtu wao alikuwa amekaa Ikulu.

Lakini wale wengine je? Kipindi kilianza tarehe 11 Oktoba 1975. Mtu wa kwanza mwenye asili ya Kichina kuingizwa katika kundi la waigizaji, Bowen Yang, aliingizwa mwaka 2019. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: ni miaka 44 ambayo Mchina aliweza kuchekwa jukwaani pasipo kuwapo Mchina wa kucheka naye. Na mwaka 2013 kundi zima halikuwa na mwanamke mweusi hata mmoja, hata Kenan Thompson, mwanamume, akasema hadharani kwamba amechoka kuvaa magauni kuwaigiza wanawake hao. Mwezi wa Januari 2014 ndipo akaajiriwa Sasheer Zamata. Hiyo ndiyo barabara ya kwenda bila kurudi, na hakuna zama zinazoweza kuihalalisha.

Sasa tufike kwenye neno la Hanks, kwamba waliocheka ni watazamaji. Neno hili lina chembe ya kweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari. Mchekeshaji asiye na wa kumcheka ni mtu aongeaye peke yake njiani. Aliyecheka anacho cha kujibu, nasi sote katika baraza zetu tumecheka tusivyopaswa kuvicheka. Lakini kuna tofauti baina ya mgeni aliyekula chakula kibovu na mpishi aliyekipika akijua, akakipakua, akatoza pesa. Mpishi akisema, "Mbona nyinyi mlikula?" hajibu shitaka, analikimbia. Na la ajabu ni kwamba hao walioambiwa ndio wenye makosa walipiga makofi kwa furaha. Lawama ikigawiwa kwa mamilioni, kila mmoja hupata kipande kidogo kisichomsumbua, na yule mwenye fungu kubwa aenda zake mikono mitupu.

Narudi kwa wale waliowalilia wafu. Katika sherehe ileile Garrett Morris, mzee wa miaka 88, mmoja wa kundi la kwanza, alileta filamu fupi ya mwaka 1978. Humo Belushi amevishwa sura ya mzee mkongwe, ati wenzake wote wamekufa kakaa yeye, naye anatembelea makaburi yao mpaka akacheza juu yake. Belushi ndiye aliyetangulia wote. Alikufa mwaka 1982 kwa madawa ya kulevya, na umri wake ulikuwa miaka 33. Mashabiki wengi waliona filamu hiyo ilitosha kuwa tanzia. Adam Sandler naye aliimba akiwataja Chris Farley na Norm Macdonald, na sauti ikamkatika.

Huyo Farley ndiye ambaye ningependa umfikirie. Alikuwa mnene sana. Mwezi wa Oktoba 1990 alisimamishwa jukwaani kifua wazi, akacheza kando ya Patrick Swayze, mtu mwenye mwili wa kuchongwa, eti wote wawili wanagombea kazi ya kuwachezea wanawake. Ukumbi ulilipuka. Mpaka leo mashabiki hukihesabu kichekesho hicho miongoni mwa vilivyo bora kabisa. Chris Rock, aliyekuwa mwenzake kundini, amesema baadaye kwamba hakukipenda. Farley alikufa mwaka 1997 kwa madawa yaleyale, naye ana miaka 33. Sisemi kwamba kicheko kilimwua. Mtu haui kwa kucheka, na nafsi ya mtu ina milango mingi. Nasema tu kwamba kama pangekuwa na wa kuulizwa radhi usiku ule wa sherehe, basi mmoja wao alikuwa miongoni mwa wafu ambao nafasi yao ilitwaliwa na mzaha.

Mwaka 2019, siku zilezile Yang alipotangazwa, alitangazwa pamoja naye mchekeshaji Shane Gillis. Zikapatikana rekodi zake akiwatukana Wachina, akaondolewa kwa siku chache hata kabla hajapanda jukwaani. Mtu aliyekosea hafungiwi mlango milele, nami sipingi arudi. Mwaka 2024 aliitwa akakiongoza kipindi. Kisha vichekesho vya aibu vikasomewa matanga tarehe 16 Februari 2025, na tarehe 1 Machi, katika kipindi cha kwanza baada ya matanga hayo, aliyeitwa kukiongoza alikuwa Gillis tena.