BWAWA LIKITOA MAJI YA TOPE, NANI ATASEMA?



Katika mkutano wa tawi letu moja la mashambani, mwanachama alisimama akauliza kwa nini chama chapoteza wakati kwa habari za mabwawa, na hali maneno ya mshahara hayajamalizika. Alisema, "Bwawa ni la mwenye shamba, na kulipima ni kazi ya injinia. Sisi ni watu wa jembe." Wengi walimpigia makofi. Swali lake si baya, wala hatutaki kulifunika kwa maneno matamu.

Jibu la kwanza ni Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, katika mvua kubwa za mwaka ule, bwawa la udongo lililokuwa kilimani huko Solai, Wilaya ya Nakuru kama tulivyoizoea, yaani Kaunti ya Nakuru, lilibomoka. Maji yalishuka juu ya vijiji vya Nyakinyua na Energy. Watu wasiopungua 47 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto. Halikuwa bwawa la umeme lenye ofisi na mitambo. Lilikuwa bwawa la kumwagilia shamba, la namna ile ambayo wengi wetu tunaipita kila asubuhi tukienda kazini.

Mabwawa makubwa ya Mto Tana, kama Kindaruma lililomalizika mwaka 1968 na Masinga la mwaka 1981, yana mainjinia wa kuyatazama. Lakini bwawa la shamba la kahawa, la maua au la mkonge, nani hulitazama? Mara nyingi ni mzee mmoja wa kufungua bomba na kijana wa kufyeka majani. Hao wawili ndio macho ya bwawa, wapende wasipende. Basi yafaa wajue wanachokitazama, na zaidi ya hapo, wawe na ruhusa ya kusema.

Tueleze jambo lenyewe kwa maneno ya kazi. Maji yaliyosimama hayakai bure. Penye kina cha mita 10 husukuma kwa nguvu ya tani 10 juu ya kila mita moja ya mraba. Maji hayo hutafuta njia usiku na mchana, na ukuta wa udongo yana njia mbili kubwa za kuuvunja: kuupita juu na kuupita ndani. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walitoa matokeo ya kuchunguza mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika duniani. Waliona kwamba karibu nusu yalivunjwa kwa njia ya kwanza, na karibu nusu kwa njia ya pili. Sababu nyingine zote zilibaki na sehemu ndogo.

Njia ya kwanza ni rahisi kuiona. Kila bwawa huachiwa mlango wa pembeni wa kupitisha maji ya ziada wakati wa mvua. Maji yakizidi nguvu ya mlango huo hupanda juu ya tuta, hung'oa majani upande wa chini, hukata udongo kama ngazi, na ngazi hiyo hurudi nyuma mpaka ifike kwenye maji yenyewe. Hapo kazi imekwisha.

Sasa, twajua sote linalofanyika kiangazi kikikaribia. Meneja ataka maji zaidi, basi nyapara huambiwa aweke mbao au magunia ya mchanga mlangoni ili bwawa lipande kidogo. Laonekana jambo dogo. Lakini maji yapitayo mlangoni hayapungui kwa kipimo kile kile cha kina. Ukikipunguza kina cha maji yanayoweza kupita mlangoni kikawa nusu, yatakayopita hayatakuwa nusu, yatakuwa kama theluthi moja tu. Magunia machache yameondoa theluthi mbili za nguvu ya mlango, na mvua ya Aprili haina habari kwamba meneja alitaka maji zaidi. Anayetumwa kuweka magunia hayo ni mwanachama wetu. Anayelala chini ya bwawa ni mkewe na watoto wake.

Njia ya pili ni ya siri, nayo ndiyo tunayotaka isomwe kwa makini. Kila tuta la udongo huvuja kidogo. Hilo peke yake si ajabu. Mfaransa Henry Darcy alipima mwaka 1856 jinsi maji yanavyopita katika mchanga, na tangu hapo mainjinia wamejua kuhesabu uvujaji. Hatari huja maji yanapoanza kubeba udongo. Punje moja ikitoka, maji hupata nafasi ya kwenda mbio zaidi na kubeba punje mbili. Tundu huanza upande wa chini wa tuta na kuchimba kurudi nyuma, kama fuko, likilielekea bwawa. Juu ya tuta majani ni mazuri na ng'ombe wanakula. Ndani mna bomba.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana Marekani, katika bwawa la Teton, jimbo la Idaho. Lilikuwa tuta la udongo la kimo cha mita 93, limejengwa na idara ya serikali yenye mainjinia wa sifa, na mwaka 1976 lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Juni zilionekana chemchemi ndogo za maji safi chini ya bwawa. Tarehe 5 Juni, kama saa moja asubuhi, maji yaliyoonekana yalikuwa na tope. Muda wa saa chache tundu likapanuka. Wafanyakazi walipelekwa na matingatinga ili walizibe kwa udongo. Tundu likameza mashine, na madereva wawili wakavutwa kwa kamba wakaokoka. Ilipokuwa saa sita kasoro dakika tano mchana, sehemu ya juu ya tuta ilianguka. Watu 11 walikufa. Wangekuwa wengi zaidi kama polisi wa chini ya bwawa hawangeambiwa kuhamisha watu kabla ya kuvunjika, tena ilikuwa mchana.

Ndugu, pigeni hesabu. Tangu tope kuonekana mpaka bwawa kwisha zilipita saa tano tu. Katika muda huo karani wa shamba angali akitafuta ufunguo wa ofisi, na meneja yuko Nairobi.

Jambo la pili la Teton ni la wale madereva. Walitumwa kuziba tundu kwa udongo, na tusiwalaumu, maana walitii amri na walikuwa na moyo. Lakini udongo ukitupwa penye mdomo wa uvujaji, maji huubeba au hutafuta mdomo mwingine. Kazi ya Karl Terzaghi, mwalimu wa mainjinia wa udongo, ilionyesha dawa iliyo bora: maji yaachwe yatoke, lakini udongo uzuiwe. Hutandikwa mchanga, juu yake kokoto ndogo, juu yake mawe, kila tabaka likiwa na ukubwa unaozuia punje za tabaka la chini yake. Wakati huo huo maji ya bwawa yapunguzwe kwa bomba la chini, na watu wahamishwe kwanza, si mwisho. Tena kazi hiyo ni ya kusimamiwa na mwenye ujuzi. Hatutaki mwanachama yeyote aingie chini ya tuta linalotoa tope kwa sababu nyapara amepiga kelele.

Mwenye kulinda bwawa aweza kufanya mengi kwa vyombo vya bei ya chai. Akinge maji ya uvujaji katika chupa nyeupe, aiache itulie, atazame kama udongo umekaa chini. Uvujaji wote upitishwe kwenye kibao kilichokatwa mfano wa herufi V, na kina cha maji katika mkato kiandikwe daftarini kila siku. Kibao hiki ni shahidi mkali: kina kikiwa mara mbili ya jana, maji yamezidi mara tano na zaidi. Vile vile aandike miti iliyoota juu ya tuta, mashimo ya nungunungu, nyufa, na mahali palipolowa wakati wa jua.

Hatusemi kwamba macho ya kibarua yatosha. Bwawa la Malpasset, Ufaransa, lilivunjika tarehe 2 Desemba, 1959, likaua watu 423. Ukuta wake wa zege ulikuwa mwembamba lakini imara. Kilichoshindwa ni mwamba ulioushikilia. Chupa nyeupe haimpimii mtu mwamba. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba mlinzi ni wa bei nafuu kuliko injinia, tukatae. Twawataka wote wawili.

Wala hatari hii si ya mashambani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, watu zaidi ya 40 walikufa huko Mai Mahiu. Kwanza ilisemwa bwawa limevunjika. Kisha Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka na miti, maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapasua. Hilo ni bwawa ambalo hakuna aliyelijenga. Wenzetu wa reli na barabara wanajua vizuri ni genge gani huzibua njia hizo, na watu wangapi wanahitajika kwa kazi hiyo mvua zinapokaribia.

Turudi kwa aliyeuliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi yataka iwepo kamati ya usalama. Kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari kumekatazwa. Maneno haya ni mazuri. Lakini kibarua wa siku hafukuzwi kwa barua; kesho yake haitwi kazini, basi. Ndiyo maana jambo hili ni la chama kama mshahara ulivyo wa chama. Mtu mmoja akisema kuna tope, ni mwenye fitina. Tawi likisema, ni taarifa.

Tunataka mapatano yetu yajayo na waajiri yaandike kwamba daftari la bwawa litasomwa na kamati kila mwezi. Kwamba mlinzi ana ufunguo wa bomba la chini na ruhusa ya kulifungua bila kungoja meneja. Kwamba hakuna atakayeziba mlango wa maji ya ziada. Na kwamba laini zilizo chini ya tuta zitakuwa na kengele na njia ya kukimbilia iliyojaribiwa hata na watoto. Palipo na nyumba chini kabisa ya tuta, zihamishwe kwa gharama ya mwenye bwawa.

Makatibu wa matawi wote wanaombwa kuandika ofisini wakitaja kila bwawa lililo katika eneo lao, liko juu ya laini zipi, nani hulilinda, na mara ya mwisho injinia alionekana mwaka gani. Kama hajaonekana, andikeni hivyo hivyo. Barua zifike kabla ya mwisho wa Februari, kwa maana mvua ndefu huanza mwezi wa Machi.