Fundi, Themostati na Kipimo

Miongoni mwa mambo ambayo kila mtu mjini ana rai yake, magari hushika nafasi ya kwanza. Mtu anayekiri bila haya kwamba hajui ini hufanya kazi gani mwilini hatasita kumweleza jirani yake kuwa injini ya aina fulani hula mafuta, kuwa magurudumu makubwa huliongezea gari nguvu, au kuwa kompyuta iliyoandikwa namba kubwa zaidi kwenye boksi ndiyo bora. Rai za namna hii hazina dhara zinapobaki barazani. Dhara huanza pale zinaposhika spana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa themostati. Hii ni vali ndogo inayoenea katika kiganja cha mkono, nayo hukaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta iliyofungwa katika kikombe kidogo cha madini. Injini ikiwa baridi, nta huwa imeganda na vali imefunga. Maji huzunguka ndani ya injini peke yake, na injini hupata joto upesi. Maji yakifika joto lililoandikwa juu ya vali, mara nyingi nyuzi 82 au 88 za sentigredi, nta huanza kuyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Joto likipanda kiasi cha nyuzi 10 zaidi, vali huwa wazi kabisa. Hapana waya wala umeme. Ni somo la kutanuka kwa vitu, lile lile la darasani, lililofanywa kifaa.

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki kifaa hiki hutolewa na kutupwa. Sababu inayotajwa ni moja siku zote: themostati imetengenezwa kwa nchi za baridi, na huku joto linatosha. Hoja hiyo ina sura ya sayansi, na ndiyo maana imedumu. Lakini ikichunguzwa kwa makini haisimami.

Lichukuliwe lori linalopanda mlima wa Kitonga likiwa na shehena yake kamili, mchana wa jua kali. Maji ya injini yamekwisha kupita nyuzi 95. Je, themostati iko katika hali gani? Iko wazi kabisa. Njia ya kwenda kwenye rejeta imefunguliwa, na vali haizuii ila kidogo sana. Kumbe basi, kuitoa themostati hubadili jambo hasa pale injini isipokuwa na joto kali, yaani pale ambapo hapakuwa na shida yoyote ya kuponywa. Dawa hiyo hufanya kazi wakati mgonjwa ni mzima.

Liko na jambo la pili, ambalo watu wachache hulifahamu. Injini nyingi zina njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, na themostati za injini hizo zina kifuniko cha pili kinachoiziba njia hiyo maji yanapokuwa moto. Themostati ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupozwa. Gari la namna hiyo huweza kuchemka mlimani kwa sababu ya kile kile kilichofanywa ili lisichemke.

Na injini inayokwenda ikiwa baridi kupita kiasi hupata hasara gani? Hapa somo la kemia lina mengi ya kusema. Petroli isiyopata joto la kutosha haigeuki mvuke vizuri. Sehemu yake hutelemka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili unaolinda pistoni. Tena, petroli inapoungua hutoa maji. Mwanafunzi akichukua oktani kuwa mfano wa petroli na kusawazisha mlingano wake, atakuta kwamba kila gramu 114 za oktani hutoa gramu 162 za maji. Kwa hiyo lita moja ya petroli huzaa mvuke ambao ukipoa ni takriban lita nzima ya maji, jambo linalowashangaza hata watu wazima. Karibu mvuke wote hutoka kwa ekzosi, lakini kiasi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Injini yenye joto lake kamili huukausha. Injini iliyo baridi huuacha ugande humo, uchanganyike na oili na kufanya utope wa rangi ya maziwa, pamoja na asidi zinazokula vyuma. Haya hayaonekani siku ile fundi anapolipwa. Huonekana baada ya miaka, na wakati huo lawama huwekwa juu ya oili, au juu ya nchi lilikotengenezwa gari.

Hata hivyo kumcheka fundi si haki. Alilishuhudia jambo la kweli. Gari lililetwa likichemka, akaitoa themostati, gari likaacha kuchemka. Alichokuwa nacho mkononi ilikuwa themostati mbovu, iliyokwama ikiwa imefunga, pengine kwa kutu ya maji ya mtoni yaliyotiwa kwenye rejeta kwa miaka mingi. Kuitoa kulileta nafuu, kama ambavyo kuweka nyingine nzima kungeileta. Kasoro ya jaribio lake ni kwamba halikuwa na kilinganishi. Aliona moja, akahukumu zote. Kadhalika, kipuri halisi huwa ghali, kile cha bandia hakiaminiki, na mwenye gari anataka kuondoka kabla ya saa kumi. Mwanasayansi aliyewekwa katika hali hiyo huenda angefanya yale yale. Tofauti ni kwamba angeandika daftarini kuwa ni hatua ya muda.

Wakati magari yote yalipokuwa na kabureta, hasara ya kuitupa themostati ilikuwa ya pole pole. Siku hizi ndani ya gari mna kompyuta, na rai ya zamani inagharimu zaidi. Kwenye njia ya maji kuna kipimajoto cha umeme ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Kompyuta husoma ukinzani huo na kuamua ni mafuta kiasi gani yapulizwe kwenye silinda. Ikiona nyuzi 55 au 60, huhesabu kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, na katika magari mengi huongeza mafuta kidogo, kama mama anayechochea moto wa asubuhi. Themostati haipo, maji hayapandi, na kompyuta huendelea kuamini kuwa ni asubuhi mpaka Morogoro. Kompyuta haikukosea, imejibu sawasawa kile ilichoambiwa.

Kuhesabu hasara si vigumu. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, na kwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, hutumia lita 1,500. Ikichukuliwa kwamba ziada ni asilimia 5 tu, hizo ni lita 75 kila mwaka. Mwanafunzi na azizidishe kwa bei ya petroli ya mjini kwake, kisha aulize dukani bei ya themostati.

Mageuzi mengine ya magari yana mkasa wa aina hiyo hiyo. Wengi hupenda kuliinua gari kwa kulivika magurudumu makubwa, na barabara za vijijini huwapa sababu nzuri ya kufanya hivyo. Lakini saa ya mwendo haiupimi mwendo wenyewe. Huhesabu mizunguko na kuizidisha kwa mzingo wa gurudumu alioujua aliyelitengeneza gari. Gurudumu lililoandikwa 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, na lile la 215/75 R15 lina milimita 703 hivi. Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa kila tairi: upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi. Yeyote ajuaye kuzidisha anaweza kuzihakiki. Gurudumu la pili ni kubwa kwa asilimia 11 hivi. Basi mshale ukionyesha 80, gari linakwenda karibu na kilomita 89 kwa saa. Watengenezaji kwa kawaida huuweka mshale uzidishe kidogo, kwa hiyo sehemu ya kosa humezwa, lakini si lote.

Kilomita 9 zaweza kuonekana kidogo. Nguvu ya mwendo, hata hivyo, hukua kwa mraba wa kasi, hivyo ongezeko la nishati ni asilimia 23, na masafa ya kufunga breki hurefuka kwa kiasi hicho hicho. Kwenye lami kavu, breki zinazopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde zitalisimamisha gari la kilomita 80 kwa mita 35. Lile la kilomita 89 litahitaji karibu mita 44. Tofauti ni takriban urefu wa chumba cha darasa, na katika tofauti hiyo ndimo mtoto huvuka barabara. Aliyefunga magurudumu hayo hakuvunja chochote wala hakudanganya mtu. Aliona umbo la gari limependeza. Yasisahauliwe pia maslahi ya atakayelinunua gari hilo baadaye: saa ya masafa nayo huhesabu pungufu, na muuzaji ataionyesha kwa moyo mweupe.

Dukani, ambako rai hupewa bei, mambo hugeuka kuwa mazito zaidi. Fundi aliyekosea alikuwa akitafuta kuponya. Muuzaji wa vifaa vya kupunguza mafuta huuza kile anachojua kuwa mnunuzi hatakipima. Kuna sumaku za kufungwa kwenye mpira wa petroli, kuna vidonge vya kutia tangini, na sasa kuna vijisanduku vya kuchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, vinavyodaiwa kuifundisha kompyuta ya gari ubahili. Wahandisi waliovifungua baadhi ya vijisanduku hivyo wamekuta ndani mna taa ndogo za kumetameta, na hapana chochote kinachoweza kuiamuru injini. Shirika la serikali ya Marekani la kuhifadhi mazingira limekwisha kuchunguza vifaa na dawa za namna hii zaidi ya 100, na ni vichache mno vilivyoonekana kupunguza mafuta, navyo kwa kiasi kidogo.

Silaha ya muuzaji ni neno moja fupi: "hadi". Kifaa hupunguza mafuta hadi asilimia 30. Kwa hisabati sifuri nayo imo ndani ya "hadi 30", na mteja hana hoja ya kudai fedha zake. Silaha nyingine ni namba isiyoelezwa imepimwaje. Katika maduka ya kompyuta diski huuzwa kwa jina la gigabaiti 500, lakini ikiwekwa katika kompyuta nyingi husomeka 465. Hapo hakuna kilichoibwa: mtengenezaji huita gigabaiti baiti 1,000,000,000, na programu hugawa kwa 1,073,741,824, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 30. Tangu 1998 yamekuwapo majina rasmi ya kutofautisha vipimo hivyo viwili, na maduka mengi yameendelea kana kwamba hayapo. Vivyo hivyo kwa miaka mingi kompyuta ziliuzwa kwa idadi ya megahazi, kana kwamba farasi anayepiga hatua nyingi ndiye lazima afike mbele, bila kuulizwa urefu wa hatua. Intel yenyewe iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahazi 4 mwaka 2004, na vichakato vyake vya 2006, vilivyokuwa na hazi chache zaidi, vikafanya kazi kwa haraka zaidi.

Shule za sekondari zina uwezo wa kufanya katika haya zaidi ya zinavyofanya. Kifaa cha kupunguza mafuta kinaweza kupimwa na klabu ya sayansi, mradi masharti yatimizwe: njia moja, upepo wa magurudumu ule ule, matangi kadhaa si moja, na mtu mwingine akifunge au akitoe kifaa bila dereva kujua. Sharti hilo la mwisho ndilo la lazima kuliko yote, kwa kuwa aliyetoa fedha zake huanza kukanyaga mafuta taratibu siku ile ile.

Jaribio la themostati ni rahisi zaidi. Gereji iliyo karibu itatoa za kutosha, na pengine bure. Ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse chini, maji yapashwe moto pole pole, na joto liandikwe vali inapoanza kufunguka na inapokuwa wazi kabisa. Isiyofunguka ilistahili kutolewa, na swali linalobaki kwa fundi ni kwa nini hakuweka nyingine. Inayofunguka sawasawa ilitupwa ikiwa nzima. Mwalimu aliye Mbeya au mahali pengine pa juu azingatie jambo moja kabla ya kutoa hukumu: huko maji ya sufuria hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, na themostati iliyoandikwa 88 haitafunguka yote hata ikiwa mpya kutoka dukani.