JENGA GHALA KABLA YA KUNUNUA KABATI

Wakulima wa skimu,

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya mbao. Najua wengine mtashangaa, kwa maana mmezoea kusoma hapa habari za mbegu, mbolea na maziwa. Lakini mbegu bora ina faida gani ikiwa mahindi yakisha kuvunwa hayana mahali pa kukaa?

Tazameni yanayotokea huko Lugari na Trans Nzoia kila mwisho wa mwaka. Mavuno yaingia tangu Oktoba hata Desemba, na malori ya wachuuzi yafika papo hapo. Mkulima auza upesi kwa bei ya chini. Si kwamba hajui kuwa bei huelekea kupanda kufika Mei. Hana pa kuweka. Mahindi yamelala sebuleni chini ya turubai, mvua ingali yanyesha, na panya wamekwisha pata habari. Fedha zikipatikana, sehemu yake yaenda mjini kununua kabati la vioo na viti vya kitambaa. Mwezi wa Mei mkulima yule yule yuko dukani akinunua unga. Kabati analo, na ndani mna vikombe.

Maoni yangu ni kwamba mbao za kwanza katika shamba ni za ghala. Wale waliopewa mashamba katika mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962 walikuwa na mkopo wa ardhi wa kulipa, na kila gunia lililooza lilikuwa deni lililobaki. Leo hasara ni kubwa kuliko fedha. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Ukungu huo hupenda mahindi yaliyowekwa na unyevu, na kuyapika hakuondoi sumu yake.

Ghala la kukaushia mahindi katika magunzi yake si kazi ya mainjinia. Jambo kuu ni upana. Katika nchi yenye mvua kama yetu ya magharibi, lisizidi futi 2. Ukilipanua, upepo hautafika katikati, nako ndiko ukungu uanzako. Ukitaka nafasi zaidi, ongeza urefu. Ghala la upana wa futi 2, kimo cha futi 5 na urefu wa futi 12, kwa makisio yangu, laweza kukupa magunia kama 12 baada ya kupukuchua. Lielekeze ubavu wake mrefu kwenye upepo. Sakafu iwe futi 3 juu ya ardhi, na kila nguzo ivishwe bati kama faneli iliyopinduliwa, chini kidogo ya sakafu, panya asipate njia ya kupanda. Lakini bati hilo ni bure ukiacha tawi la mparachichi likigusa paa, au ukisahau ngazi imeegemezwa usiku kucha. Nimeona ghala zuri sana likiliwa kwa ajili ya ngazi.

Nguzo za mkaratusi au mwati zafaa, ila lazima uzitoe maganda yote. Sisemi hivyo kwa ajili ya urembo. Yule mdudu dumuzi, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza miaka ya 1980, hutoboa hata mti mkavu, na wadudu wa ghala hupenda kujificha chini ya maganda na katika nyufa wakingoja mavuno mapya. Ukimwaga mahindi safi katika ghala ambalo halikufagiwa, umewaandalia karamu. Kabla ya kuvuna, fagia, choma takataka zote za mwaka jana, na ubadilishe papi zilizotoboka.

Sasa jambo ambalo maseremala hulijua na wakulima hulidharau: kigezo. Mtu akitaka kupigilia papi 40, huchukua utepe wa kupimia akapima mara 40, na kila mara hukosea kidogo. Mwishoni ghala limepinda kama mkia wa mbwa. Usifanye hivyo. Kata ufito mmoja wa urefu unaotaka, uandike neno KIPIMO, na kila papi ikatwe kwa ufito ule, si kwa papi iliyotangulia. Kisha chukua kipande cha mbao chenye unene wa inchi 1, ukiweke kati ya papi na papi unapopigilia; nafasi zote zitakuwa sawa, na mtoto wa darasa la sita ataweza kukusaidia. Kwa kukata pembe, pigilia mbao tatu ziwe kama kihori kidogo, uzikate mara moja kwa uangalifu, na baadaye msumeno utapita katika njia ile ile. Vigezo hivi hutengenezwa kwa vipande ambavyo mngevitia jikoni. Vitungikeni ukutani, kwani ndivyo vitakavyowatengenezea vigoda, rafu, na chaga za kuwekea magunia.

Wengine watasema, "Kazi hiyo ina wenyewe, mwite seremala." Kwa milango na madirisha nakubali kabisa, mwite. Lakini mimi nilimwita seremala anitengenezee meza, nikamlipa vizuri, na katika miezi miwili miguu ilikuwa imejikunja na uso wake umepasuka. Mbao zilikuwa mbichi. Yeye hakuniambia, nami sikuuliza. Tangu siku hiyo mti wangu nikiupasua, mbao hupangwa kivulini, juu ya vijiti, hewa ikipita kati yake, na ncha zake hupakwa rangi ili zisipasuke. Saipresi ya inchi 1 naiacha miezi mitatu au zaidi. Mke wangu aliniuliza kama nakausha mbao au samaki.

Na mti wenyewe uwe wako. Februari 2018 Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu yake, bei ya mbao ilipanda sana, na aliyekuwa na safu ya grevilea mpakani hakuhangaika kama jirani yake. Ukitaka kuchukua mbao nje ya shamba, uliza kwanza habari ya kibali.

Mahindi yakikauka katika ghala, msiyaache humo mwaka mzima, maana dumuzi hupenda mahindi yaliyo katika magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa. Yapukuchueni, yaanikeni hata unyevu ushuke asilimia 13, kisha yatieni katika mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko ikae juu ya chaga, inchi 6 kutoka sakafuni na futi 2 kutoka ukutani, ili uweze kupita nyuma yake na taa kuangalia kama panya ametoboa. Chaga moja ya futi 4 kwa 4 yataka mbao tano za chini na saba za juu, na misumari ya inchi 3. Ukiwa na kigezo, ni kazi ya asubuhi moja.